Simu niliyoiua kwa mdomo imefufuka

Jambo Yaya,

Mimi ni fundi simu hapa Lubumbashi, komini ya Kenya. (Wasomaji wa mbali wasije wakachanganya: Kenya yetu ni komini yenye soko, si nchi ya Nairobi.) Nina miaka 27, nina meza moja, mwavuli mmoja, na kijana mmoja anayejifunza kazi kwangu. Kubadilisha betri, vioo, tundu la chaji, kufungua simu ambayo mwenyewe kasahau namba ya siri: hayo ndiyo yananilisha tangu mwaka 2018.

Lakini wengi hawanijui kwa meza, wananijua kwa kundi la WhatsApp. Nililianzisha wakati wa korona tukiwa mafundi kumi na moja, ili tuulizane bei za vioo. Leo tumepita mia nne: mafundi, wauzaji, wanafunzi, hata watu wa Likasi na Kasumbalesa. Kila asubuhi kabla sijafungua mwavuli ninatuma habari za teknolojia: simu gani imetoka, kampuni gani imefanya nini, na maoni yangu chini yake. Wananiita Dokteri. Watu wakibishana usiku kucha iPhone na Samsung ipi kali, mwisho mmoja anaandika, "Tumngojeeni Dokteri." Sikufichi, Yaya, jina hilo linanoga.

Sasa sikiliza. Mwishoni mwa mwezi wa nne mwaka 2025 ilizagaa habari kwamba kuanzia tarehe 5 mwezi wa tano WhatsApp itaacha kufanya kazi kwenye simu za zamani. Mimi niliipata kwenye kundi jingine: picha yenye orodha ndefu, juu iPhone, kisha Samsung, Tecno, Itel, Huawei, mpaka chini. Sikwenda kuangalia popote. Niliituma asubuhi na maneno yangu: "Niliwaambia! Simu yoyote yenye zaidi ya miaka mitano, kwisha habari yake. Waambieni wateja wajiandae."

Dakika chache baadaye dada mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyeingia kundini wiki mbili nyuma, akaandika kwa adabu: "Samahani wakubwa zangu, nadhani hiyo habari inahusu iPhone 5s, 6 na 6 Plus peke yake. Kwa Android, kuanzia 5.0 kwenda juu hakuna shida." Akaweka na kiungo cha ukurasa wa WhatsApp wenyewe. Sikukifungua. Nilimjibu, "Binti, umeshika bisibisi mara ngapi maishani?" na vile vikatuni vinavyocheka mpaka machozi. Watu wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia arudi jikoni, mwingine akatuma picha ya sufuria. Sikuwazuia. Akaandika tena, "Naomba tu mfungue kiungo." Nikamtoa kundini, nikaandika, "Nidhamu kwanza." Vidole gumba vikamiminika.

Mchana wa siku ileile akaja mama mmoja anayeuza ndagala, meza ya nne kutoka kwangu. Ana mtoto wa kiume anayechimba huko Kolwezi, na kila Jumapili usiku kijana humtumia sauti. Mama hasomi vizuri. Kwake WhatsApp ni sauti ya mwanawe, basi. Alikuwa na Samsung ndogo yenye Android 9, kona ya juu ya kioo imepasuka kama nyota. Akaniuliza, "Mtoto wangu, wanasema WhatsApp inafungwa. Na yangu je?" Nikaishika, nikaigeuzageuza, nikamwambia, "Mama, hii mwezi wa sita haiuoni."

Nikamuuzia simu mpya kwa dola 95. Mimi mwenyewe niliichukua kwa 70. Ile ya zamani nikaikubali kwa dola 10, nikazikata kwenye bei, akalipa 85. Alizifungua kwenye kitambaa, dola na franka zimechanganyika, tukahesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza tulipotea.

Usiku nikiwa kitandani nilikifungua kile kiungo. Yule dada alikuwa amesema kweli tupu. Nikazima simu, nikalala. Wiki iliyofuata nikafuta kila kitu kwenye simu ya mama, nikamuuzia msichana mmoja kwa dola 35. Akaniuliza kama WhatsApp inaingia. Nikamwambia inaingia bila shida. Na inaingia.

Mwezi wa kumi mama alikuwa anatoka misa, akamwona yule msichana nje ya kanisa ana simu yenye nyota kwenye kona, anasikiliza sauti za WhatsApp. Jumatatu akaja mezani kwangu. Hakupiga kelele. Aliweka ndagala kidogo kwenye karatasi kama anavyozoea kunipa, akasema, "Mtoto wangu, ile simu yangu iliyokufa nimeiona jana kanisani. Ilifufuka siku ya tatu?" Akaenda zake. Tangu hapo ananisalimia kama kawaida, na hilo ndilo linaniua. Bukari hainipiti kooni.

Mzee aliyenifundisha kazi anasema ninyamaze: "Habari za teknolojia zinageuka kila siku, nani atakushitaki?" Kundini, nikikiri, jina la Dokteri limekwisha, na najua mafundi wawili zaidi waliouza simu kwa kutumia ujumbe wangu. Pesa zenyewe niliishalipa kodi ya nyumba.

Yaya, naombea ushauri mambo matatu. Kundini niseme au nisiseme? Mama nimrudishie nini? Na mtu anayependa habari hizi kama mimi, atajuaje ya kweli kabla haijamtoka mdomoni?

Dokteri asiyelala, Kenya, Lubumbashi

*

Mdogo wangu Dokteri,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka ile ya siku ya tatu. Huyo mama angefaa apewe safu hii aiandike yeye. Mara ya pili sikucheka.

Umeanza na kundi, ukamweka mama katikati na pesa zake mwishoni kabisa, karibu na kodi ya nyumba. Mimi nitaanza kwake. Watu mia nne wa kundini hakuna aliyefungua kitambaa.

Kwanza tuelewane kosa liko wapi, maana umelieneza barua nzima mpaka halionekani. Asubuhi ulituma habari usiyoihakiki. Hilo ni uzembe, na kwenye makundi ya simu uzembe wa namna hiyo uko kila saa. Mimi mwenyewe nimeshatumiwa mara tatu kwamba serikali inagawa mega za intaneti za bure. Mchana ukamshauri mama ukiamini, angalau nusu, unachosema. Usiku ukafungua kiungo. Hapo, mdogo wangu, hapo kwenye mwanga wa simu kitandani, ndipo lilipogeuka jambo jingine. Simu ya mama ilikuwa bado kwenye droo yako, sauti za mwanawe bado zimo ndani. Ungeamka asubuhi ukatembea meza nne. Badala yake ulifuta, ukauza, na msichana alipouliza kuhusu WhatsApp ulimpa jibu sahihi kabisa. Ukweli uliujua; uliuweka kwa mteja aliyekuwa anakuletea faida nao.

Usidhani nakusema nikiwa juu ya mnara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa na chumba cha kompyuta sita hapa mjini, nikiuza intaneti kwa dakika. Wateja wangu niliwaambia kwamba sanduku la barua pepe lisilofunguliwa kila wiki linafutwa. Kulikuwa na chembe ya ukweli ndani yake: kulikuwa na huduma ya bure iliyofunga sanduku lililokaa siku 30 bila kuguswa. Mimi siku 30 nikazifanya 7. Watu walikuja kila Jumamosi kwa miguu kutoka Katuba kuangalia sanduku tupu, wakilipa. Kwa hiyo hesabu ya namna hii naijua kutoka ndani.

Tufanye hesabu yako sasa. Kwenye simu mpya ulipata dola 25. Kwenye ile ya zamani, uliyoichukua kwa 10 ukaiuza kwa 35, ukapata 25 nyingine. Jumla 50. Kuna watakaokuambia kila mfanyabiashara ana haki ya faida yake. Anayo, mtu akija kununua. Mama huyu alikuja kuuliza.

Nenda kwake jioni, soko likipungua, wateja wakiwa wameondoka, usimkute amesimamiwa na watu wanaobishana bei. Usiende na zawadi. Usiseme "wataalamu walikosea," maana mtaalamu aliyekosea siku hiyo ni wewe, na mwingine aliyekuwa sahihi ulimtoa. Mwambie: simu yako ilikuwa nzima, nilijua usiku uleule, sikuja kukuambia. Kisha mpe achague. Akitaka kubaki na simu mpya, unamdai kitu? Hapana, yeye anakudai 50. Akitaka kukurudishia simu mpya, unampa 85 zake zote pamoja na simu nyingine ya hali ileile ya ile yake, na miezi aliyoitumia hiyo mpya ni juu yako. Huna pesa? Najua, zimeingia kwenye kodi. Basi dola 10 kila Jumamosi, kwa mkono wako, na usimtume kijana wako. Ukichelewa Jumamosi moja, nenda ukaseme umechelewa. Meza nne si safari.

Yule msichana wa kanisani muache kabisa. Alinunua kwa haki, ana simu nzuri yenye nyota.

Turudi kwenye habari yenyewe, kwa sababu ilikuwa habari ya kweli, na ndiyo maana iliwanasa wengi. Tarehe 5 Mei 2025 WhatsApp iliacha kuhudumia iPhone ambazo mfumo wake, iOS, haufiki 15.1. iPhone 5s, 6 na 6 Plus zinaishia kwenye iOS 12, haziwezi kupanda zaidi, kwa hiyo zikabaki nje. Upande wa Android, mlango ulishafungwa zamani kwa zilizo chini ya 5.0, tarehe 24 Oktoba 2023. Simu ya mama ilikuwa na Android 9, mfumo uliotoka 2018, ngazi nne juu ya kizingiti. Kuigeuzageuza nyuma na mbele hakukuwa na maana yoyote. Jibu lilikuwa ndani. Simu nyingi za kwetu ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo ni Paramètres, À propos du téléphone, Version d'Android. Sekunde kumi na mbili, nimejipima. Fundi anayemwambia mteja simu yake imekufa bila kugusa ukurasa huo ni sawa na fundi anayebadilisha kioo bila kuwasha simu kwanza.

Picha ya orodha ndefu uliyoipata kwenye kundi jingine, mtu fulani alichukua simu tatu za kweli akaziongezea arobaini. Huenda muuzaji, huenda mtu wa kutafuta wasomaji, huenda mjinga tu mwenye muda. Ukiona ujumbe una ile mishale miwili ya juu, WhatsApp yenyewe inakuambia umepita mikono mingi. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo haupelekwi isipokuwa mahali pamoja kwa mara moja, na sababu ni watu kama sisi.

Nakubali pia kwamba sisi Wakongo tumefunzwa kuamini lolote kuhusu simu. Mwaka 2020 salio letu lilianza kukatwa kwa ajili ya RAM, ule usajili wa simu, mpaka dola 7 kwa mwaka kwa simu ya intaneti, na kelele zikaenda mpaka 2022 ndipo ukafutwa. Mtu akikatwa salio lake mchana kweupe, akisikia kesho WhatsApp inafungwa, atashangaa nini? Mama wa ndagala hakuwa mjinga. Alikwenda kwa mtu mwenye bisibisi.

Nikupe kisa kimoja cha mafundi, maana wewe ni fundi. Kwa miaka watu walilalamika kwamba iPhone zao zinapungua kasi zikizeeka. Kwenye mabaraza ya wapenzi wa teknolojia walichekwa: mnaota, mnatafuta kisingizio cha kununua mpya. Desemba 2017 mtu mmoja wa kawaida akaandika kwenye Reddit, baraza moja la mtandaoni, kwamba iPhone 6s yake ilikuwa nzito, akabadilisha betri, akapima kasi kabla na baada, na namba zikaruka. Betri tu! Kazi unayoifanya wewe mara tano kwa siku. Angeweza kuulizwa ameshika bisibisi mara ngapi. Lakini John Poole, aliyeunda programu ile ya kupimia kasi, Geekbench, akachukua vipimo vya simu nyingi alivyokuwa navyo, akavichora, akavitangaza, na mchoro ukaonyesha kitu si cha kawaida. Siku chache baadaye Apple ikakiri kwamba mfumo wake unapunguza kasi ya simu zenye betri iliyochoka, ili zisizimike ghafla. Ikaomba radhi kabla mwaka haujaisha, na bei ya kubadilisha betri nje ya dhamana ikashuka kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka mzima wa 2018.

Mtu asiye na jina alileta kipimo, mwenye jina akapima tena. Kwenye kundi lako mtu asiye na jina alileta kiungo, mwenye jina akatuma vikatuni.

Na hapa nakuja kwa yule dada. Sufuria haikutumwa na wewe, lakini ilipita mbele yako ukiwa na uwezo wa kuifuta. Admini ana kidole kinachofuta ujumbe wa mtu yeyote. Ulikitumia kumfuta aliyekuwa na hoja. Nimekaa kwenye makundi mengi ya mafundi na ya kompyuta, na mchezo ni uleule: mgeni akiuliza anaambiwa "tafuta mwenyewe," akijibu anaulizwa yeye ni nani, na akiwa mwanamke anapewa sufuria. Kisha wanalalamika kwamba kundi limejaa matangazo ya kava na picha za maua ya asubuhi njema. Waliokuwa na la kusema wameishaondoka.

Mwandikie yeye kwanza, faraghani, kabla hujaandika neno kundini. Usimrudishe kwa kubonyeza tu, ukadhani umemfanyia hisani. Akistuka yuko tena katikati ya watu waliomcheka atafikiri ni awamu ya pili. Mwambie alikuwa sahihi, mwambie ulijua usiku uleule. Muulize kama anataka kurudi, na kama anakubali utaje kwamba ni yeye aliyesahihisha. Akikataa yote mawili, amekataa, usimbembeleze. Na usimpe uadmini kama pipi ya kumnyamazisha mtoto.

Kisha kundini. Unauliza useme au usiseme. Mafundi wawili waliuza simu kwa ujumbe wako, unaowajua wewe. Usiowajua? Bado kuna wateja wenye Android 8 na 9 na 10 wanaoambiwa simu zao ni marehemu, na ushahidi ni picha uliyoituma. Kwa hiyo utasema. Asubuhi, saa ileile ya habari zako, mahali palepale ulipomchekea. Mimi ningeandika hivi, wewe weka kwa mdomo wako: "Ndugu zangu, ile orodha ya WhatsApp niliyotuma mwezi wa nne ilikuwa ya uongo kwa simu za Android. Iliyohusika ni iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Kuna mwenzetu alinisahihisha palepale, nikamcheka na kumtoa. Alikuwa sahihi. Kuna mteja niliyemuuzia simu bila sababu, namrudishia pesa zake. Mliouza kwa neno langu, angalieni wateja wenu." Basi. Hakuna vikatuni, hakuna aya ya pili ya kujitetea. Wakianza kuuliza ni mteja gani, usimtaje; mama wa watu asigeuzwe hadithi ya soko.

Jina la Dokteri litapungua? Litapungua, wiki moja hivi. Wengine watakutania "Dokteri wa ufufuo," na utastahili. Lakini sioni hasara. Jina hilo ulilipewa kwa sababu unasoma kabla ya wenzako, na siku ile hukusoma.

Kuhusu namna ya kujua ya kweli, umeniuliza kama vile kuna siri. Kazi kubwa iko kwenye vitenzi. Habari ikisema kitu "kinaacha," uliza kinaacha nini. Mwezi wa kumi mwaka 2025 tulikuwa na mfano mzuri. Jirani yangu ana duka la kuchapa na fotokopi karibu na chuo, kompyuta nne za Windows 10. Kijana mmoja akamwambia kwamba tarehe 15 hazitawaka. Alikuja kwangu mikono kichwani, anataka kukopa. Ukweli ni kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha usaidizi wa bure wa Windows 10: haitoi tena viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba mianya, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mwaka wa nyongeza uliopangwa kuishia Oktoba 2026. Kompyuta haijui kalenda. Asubuhi ya tarehe 15 zote nne ziliwaka, tukachapa kazi ya mwisho ya mwanafunzi mmoja mpaka umeme ulipokatika, kama kawaida yetu, na hilo halikuwa kosa la Microsoft. Lakini pia sikumwambia kwamba habari yote ni uongo. Nilimwambia kompyuta ziendelee kuchapa, aziandikishe kwenye huo mwaka wa nyongeza, asifungulie mambo ya pesa juu yake, na akipata faida aanze kubadilisha moja moja, maana nyingi za umri huo hazina vinavyotakiwa na Windows 11. Aliondoka bila deni. Jibu la namna hiyo halipati vidole gumba, ni refu na halina mshangao.

Kisha uliza inatoka wapi. Ya WhatsApp iko kwenye ukurasa wa WhatsApp, ya Windows iko kwa Microsoft. Mega chache tu. Kama huna mega siku hiyo, huna habari siku hiyo. Tuma bei za vioo. Na uliza mwisho wake unakuingizia wewe nini. Ikiwa habari inakwenda moja kwa moja kwenye droo yako ya pesa, isome mara tatu. Mabishano ya iPhone na Samsung yaacheni yaendelee, hayamuumizi mtu, isipokuwa usingizi wenu.

Mzee wako mheshimu, amekupa kazi. Ila kwenye hili anaogopa kushitakiwa, na wewe hukuniandikia kwa kuogopa mahakama.

Kuna kitu kimoja hukukitaja, labda hukukifikiria. Ulipofuta simu ya zamani, sauti za yule kijana wa Kolwezi zilikwenda wapi? Kama hifadhi haikuwa imewashwa, zimepotea zote mpaka ile Jumapili ya mwisho kabla ya mauzo, na hakuna dola 50 inayozirudisha. Muulize mama. Huenda alishagundua zamani akaamua kukuuliza kuhusu ufufuo tu. Kijana huyo anachimba kule madini yanakotoka, na kobalti ya Kolwezi imo kwenye betri nyingi unazozing'oa kila siku. Mama yake alichokuwa nacho kutoka huko ni sauti zile. Kwa hiyo ukimaliza kusema, kabla hujainuka, iombe hiyo simu yake mpya. Weka mega zako, ingia Paramètres, Discussions, Sauvegarde des discussions, unganisha na akaunti yake ya Google, mwandikie neno la siri la akaunti hiyo kwenye karatasi aifunge kwenye kile kitambaa. Ngoja palepale mpaka mstari ufike mwisho. Ukikwama njiani kwa sababu ya mtandao, rudi kesho jioni uanze tena.

Yaya